Profesa katafuta kwa miaka 50 kitu ambacho damu haikigandii. Mbona bado tunameza warfarini ya kuzuia damu kuganda?

#1 Kipanga Mweusi
Wakuu heshima kwenu.

Mdogo wangu anasoma uhandisi wa vifaa tiba. Likizo hii kaja nyumbani na habari za profesa mmoja anaitwa Buddy Ratner, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Nikaanza kumsoma huyo bwana nikashindwa kulala. Kamaliza kemia Brooklyn mwaka 1967, kachukua PhD ya polima hukohuko 1972, kahamia Seattle na hajatoka. Karibu kazi yake yote inazunguka jambo moja: ukiweka plastiki, chuma au kitambaa kwenye mkondo wa damu ya mtu, kwa nini mwili unakigomea, na ufanyeje usikigomee.

Sasa kilichonileta hapa. Mwaka 1993 aliandika makala akiiita hali ya fani yake janga. Yaani vifaa vinawekwa kwa watu kwa mamilioni, lakini hakuna kimoja ambacho mtu anaweza kusimama akasema damu imekikubali. Mwaka 2007 akairudia mada ileile, na kichwa cha makala kilikuwa kwamba janga linaangaliwa upya. Miaka 14 imepita katikati, mgonjwa yuleyule.

Dada yangu ana vali ya chuma kwenye moyo. Anameza warfarini kila jioni, anapimwa INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda), akila mboga anaangaliwa kama mwizi. Hoja yangu, na mniponde mkitaka: fani nzima imefeli, wanaendeshwa na ruzuku tu. Anayejua sababu aje.

#2 Lodi Lofa
Nimeweka kiti hapa, karanga ninazo.

#3 FundiVifaaTiba
Kipanga umeingia na ngumi. Tuanze na kinachotokea kwanza.

Kifaa kikigusa damu, kabla chembe hata moja haijakifikia, protini zimeshakifunika. Ni sekunde tu. Na hazitulii. Mholanzi mmoja aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, Leo Vroman, ndiye aliyeonyesha kwamba zinapokonyana nafasi. Chukulia daladala ya Gongo la Mboto asubuhi: vijana wembamba wanawahi viti, hao ndio albumini. Halafu anapanda mama mwenye kapu, fibrinojeni huyo, kijana atasimama apende asipende. Fibrinojeni akishakaa, chembe sahani zinamtambua, zinamng'ang'ania, zinaita wenzao. Hapo damu imeanza kuganda.

Ndiyo maana Ratner kashughulika na uso wa kifaa kuliko kifaa chenyewe. Unene wa nanomita chache. Pale Seattle aliongoza kituo cha kuchunguza nyuso za namna hiyo kwa eksirei, kujua atomi gani ziko juu kabisa. Wakatengeneza tabaka kwa gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawa plasma, tabaka ambalo protini zinateleza, zinashika kidogo mno. Kwa hiyo jibu langu ni kemia ya uso. Bado haijakamilika, lakini wanajua wanakoelekea.

#4 Lodi Lofa
Mimi ndiyo albumini wa hiyo daladala. Nimesimama kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta.

#5 Chuma cha Reli
Fundi, unawapa watu kemia wakati jambo hili ni la mabomba.

Nimeshughulika na pampu umri wangu wote. Kimiminika kikisimama mahali, kinaoza au kinaganda, haijalishi ukuta umepakwa nini. Vali ya kwanza iliyofanikiwa ndani ya moyo haikutoka kwa mkemia. Lowell Edwards alikuwa mhandisi wa haidroliki aliyestaafu, akamfuata daktari Albert Starr kule Portland, Oregon, akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia tuanze na vali. Mwaka 1960 wakaiweka: kijitufe cha silikoni ndani ya kijikizimba cha chuma, kinapanda na kushuka. Watu wakaishi. Ubaya wake ni kwamba damu inapaswa kuzunguka kile kijitufe, na nyuma yake kuna sehemu damu inazubaa. Waliokuja baadaye wakaweka kisahani kinachoinama, kisha majani mawili, na kila hatua ilikuwa kuipa damu njia iliyonyooka zaidi.

Na ukitaka ushahidi wa muundo mbovu, angalia ile vali ya Björk-Shiley ya kisahani kilichopinda. Damu iliganda kwa watu mpaka ikaondolewa sokoni 1986.

#6 Daktari Mchwa
Chuma, hapo kwenye Björk-Shiley umechanganya. Toleo lile liliondolewa kwa sababu kijiguzo cha chuma kilichoshika kisahani kilikuwa kinakatika. Kikikatika kisahani kinachomoka, na mgonjwa ana saa chache tu kama hayuko karibu na chumba cha upasuaji. Zilikuwa zimeshawekwa kwa watu kama 86,000. Kosa lile ni la uchovu wa chuma na kulehemu, halihusiani na damu kuganda.

Na jambo mnalolikwepa nyote wawili ni hili. Mshipa wako wa kawaida una ngozi ya ndani yenye uhai. Ngozi hiyo inatoa naitriki oksaidi, inatoa prostasaiklini, ina kemikali za jamii ya heparini juu yake, zote za kuzuia damu isigande, na bonge likianza inatoa kimeng'enya cha kuliyeyusha. Inafanya kazi usiku na mchana. Sasa wewe unaleta plastiki iliyokufa, hata uipake nini, unaitaka ifanye kazi ya kitu kilicho hai. Haitaweza. Sababu ni hiyo, mengine ni maelezo ya ziada.

#7 Chuma cha Reli
Daktari, chuma kuchoka ni uhandisi. Umenirudisha palepale nilipokuwa nimesimama. Asante.

#8 mama_Tumsifu
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mhusika, nina vali ya chuma upande wa kushoto. Nilipata homa ya baridi yabisi utotoni, koo tu lilikuwa linauma, nani angejua.

Hayo ya kuganda nawaachia. Nataka kusema kuhusu mlio. Nikilala chali kwenye chumba kimya inasikika, tik, tik. Mume wangu alizoea kabla yangu. Mtoto wa jirani aliwahi kuniuliza saa yangu iko wapi.

Kipanga, kuhusu dada yako na mboga: asikatazwe mchicha. Mimi nilikatazwa kila kitu cha kijani mahali fulani, nikala ugali na maharage tupu, INR ikawa inapanda na kushuka kama kichaa. Kliniki nyingine nesi mmoja akaniambia kula, ila kiasi kilekile kila wiki, wao wataipanga dawa kulingana na chakula chako. Tangu hapo nimetulia. Hatari ni yule anayekaa bila mboga halafu msimu wa mvua matembele yamejaa anakula bakuli kwa bakuli.

#9 Nuru wa Maabara
Kaka umefungua uzi na kunitaja bila hata kuniuliza 😅 Shikamoo.

Ndiyo mimi mdogo wake. Kwanza, kaka, Brooklyn ni sehemu tu ya jiji la New York. Digrii aliichukua Brooklyn College, PhD Polytechnic Institute of Brooklyn. Vyuo viwili.

Pili, Fundi amesema vizuri ila ameacha sehemu iliyonifanya mimi nimpende huyu profesa. Kulikuwa na imani kwamba kadiri kitu kinavyobeba maji mengi, yaani haidrojeli, ndivyo damu itakavyokipenda, maana mwili wenyewe ni maji. Ratner na Allan Hoffman walikuwa mabingwa wa kubandika haidrojeli juu ya mabomba. Wakaungana na madaktari wa damu, Hanson na Harker, wakaunganisha vibomba hivyo kwenye mishipa ya nyani, wakatoa taarifa mwaka 1980. Ukikitoa kibomba ukakitazama, kisafi. Hakuna bonge. Kwa kipimo cha siku zile umeshinda.

Lakini wale walifanya kitu cha ziada: chembe sahani za nyani walizitia alama ya mionzi, wakahesabu zinaishi muda gani. Zikawa zinakufa haraka. Na kadiri haidrojeli ilivyokuwa na maji mengi, ndivyo chembe sahani zilivyoteketea nyingi zaidi. Zinafika, zinaumia, haziwezi kushika, zinaondoka na mkondo. Bomba safi, mnyama anaumia kwingine. Bonge dogo lililoachia linaweza kwenda figo au ubongo, na wewe maabara unapiga picha ya uso unaong'aa.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni vipimo. Ukipima kwa saa moja kwenye damu iliyotiwa heparini ndani ya kikombe, karibu kila kitu kitafaulu. Fani hii ina vitu vingi sana vilivyofaulu kwenye kikombe.

#10 Lodi Lofa
Kwa hiyo nyani wa Seattle amepimwa damu kuliko ukoo wangu wote.

#11 Kipanga Mweusi
Marahaba mdogo wangu. Sasa mbona nyumbani hukunieleza hivi, ulikuwa kwenye simu tu?

#12 Ngosha wa Ukweli
Watoto wa maabara mnachekesha. Fuateni pesa.

Miaka ya mwanzo ya 1990 kampuni kubwa ya kemikali, DuPont, iliyokuwa ikiuza Dacron na Teflon, iligoma kuwauzia watengenezaji wa vifaa vya kuweka mwilini. Kwa nini? Kipande cha malighafi wanauza senti, kesi mahakamani inakuja ya mamilioni. Ikabidi Bunge la Marekani litunge sheria mwaka 1998 kuwalinda wauza malighafi. Unafikiri katika mazingira hayo nani ataleta plastiki mpya? Watu wanang'ang'ania ileile ya miaka ya 1950 kwa sababu imeshapita mahakamani. Profesa anaweza kuvumbua kila mwezi, kiwandani haifiki.

#13 FundiVifaaTiba
Ngosha kwa mara ya kwanza naona una hoja. Ila zile kesi zilizowatisha DuPont hazikuwa za moyo. Zilikuwa za vipandikizi vya taya vilivyotengenezwa na kampuni ndogo ya Vitek kwa kutumia Teflon yao. Vitek ikafilisika, wagonjwa wakamgeukia mwenye pesa.

Na hiyo plastiki ya miaka ya 1950 ina historia tamu. Arthur Voorhees, daktari kijana pale Columbia, aliona mwaka 1947 uzi wa hariri uliosahaulika ndani ya moyo wa mbwa umefunikwa na utando laini unaong'aa. Akajiuliza, nikishona bomba la kitambaa si litafunikwa vilevile? Akatumia kitambaa cha Vinyon-N, cha maparachuti. Kisha Michael DeBakey kule Houston akaenda duka la nguo kutafuta nailoni, wakamwambia imeisha, kuna kitu kipya kinaitwa Dacron. Akanunua, akaenda kushona mishipa kwa cherehani ya mkewe. Mama yake ndiye aliyemfundisha kushona.

Dacron ni poliesta. Wale tuliovaa suruali za tetroni shuleni, mishipa mikubwa ya tumboni inabadilishwa kwa jamii ileile ya uzi mpaka leo.

#14 Chuma cha Reli
Umesikia? Mishipa MIKUBWA. Kitambaa kilekile, kemia ileile, kikiwa na kipenyo kikubwa kinadumu miaka mingi, kikishuka chini ya milimita 6 kinaziba. Kemia haijabadilika, kilichobadilika ni mkondo. Nasubiri mkemia anijibu.

#15 Daktari Mchwa
Nakujibu. Bomba kubwa nalo linashika utando wa damu iliyoganda ukutani, tena vizuri tu. Ila milimita moja ya utando kwenye bomba la milimita 20 mgonjwa haihisi. Kwenye bomba la milimita 4 umekula nusu ya upana wa njia. Kuganda kuko kotekote, nafasi ya kuvumilia ndiyo imetofautiana.

#16 Chuma cha Reli
Na kasi ya damu je? Umeiruka.

#17 Kiptoo wa Bomet
Sasa nyinyi. Mimi natoka karibu na hospitali ya Tenwek, Kenya, hapa kwetu watoto wanafunguliwa moyo kila mara kwa sababu ya hizi vali za baridi yabisi. Mnabishana plastiki ipi. Ugonjwa wenyewe unaanza na koo la streptokoko, na sindano ya penisilini ile ya kila wiki tatu au nne inamzuia mtoto asirudi kuumwa tena. Penisilini ni ya zamani na ni rahisi. Kule Marekani huu ugonjwa umepungua sana, ndiyo maana vali zao zinatengenezewa wazee wa miaka 75. Mzee wa 75 anahitaji vali ya kumfikisha 90. Msichana wetu wa 16 anahitaji ya kumfikisha wapi? Hata profesa akivumbua, hajamvumbulia huyo.

#18 Kipanga Mweusi
Kiptoo umenigusa penyewe. Dada yangu aliwekewa akiwa na 19. Tuliuliza mbona hawakumpa ya mnyama asitumie dawa, tukajibiwa haraka haraka.

#19 Daktari Mchwa
Vali ya nguruwe au ya ngozi ya moyo wa ng'ombe inalowekwa kwenye kemikali ya glutaraldehaidi, njia aliyoianzisha Alain Carpentier huko Paris miaka ya 1960. Haihitaji warfarini maisha yote. Shida ni kwamba kwa kijana inajaa chokaa upesi. Mzee inaweza kumvusha miaka 15, msichana wa 19 pengine hata 10 hafiki, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo wanaompa ya chuma wanamnunulia miaka, wanalipia kwa warfarini. Hakuna chaguo zuri pale.

Kama anafikiria kuzaa aende kwa daktari wake wa moyo KABLA ya kushika mimba. Warfarini miezi mitatu ya kwanza inaweza kumdhuru mtoto, na kuiacha kienyeji kunaweza kuziba vali ikamuua mama. Wanapanga lini aende heparini na lini arudi. Asishauriwe na mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

#20 Bint Salim
Assalaam alaykum, nipo Maskati, nawasoma kimyakimya.

Mmezunguka Marekani nzima mkasahau India. Baba yangu alifanyiwa huko Kerala, akawekewa vali inaitwa Chitra. Mwenye kazi hiyo ni daktari Valiathan, Mungu amrehemu, amefariki Julai 2024. Alisoma upasuaji nje akarudi kwao Trivandrum akakuta vali za kununua Ulaya na Marekani hazishikiki kwa bei. Akasema tutengeneze yetu. Watu wakacheka.

Muundo wa kwanza, sehemu iliyounganishwa ikaachia. Wa pili kisahani cha yakuti kikawa kinakwangua chuma. Wa tatu ukavunjika ndani ya kondoo. Wa nne ndio huu: fremu ya aloi ya kobalti iliyochongwa kipande kimoja, kisahani cha plastiki ngumu ya polithini, pete ya poliesta ya kushonea. Desemba 1990 akawekewa mtu wa kwanza. Kiwanda cha TTK kikaichukua, na zimeshapita vali laki moja. Basi anayesema fani imefeli aende akawaulize hao laki moja.

#21 FundiVifaaTiba
Kisahani cha polithini! Watu wote wanasifu kaboni iliyopikwa kwa joto kali, wao wakaweka plastiki ya ndoo iliyoboreshwa.

#22 Chuma cha Reli
Hiyo kaboni nayo haikutafutwa kwa ajili ya damu. Jack Bokros alikuwa General Atomic akipaka vijipunje vya nishati ya nyuklia. Daktari Vincent Gott alikuwa anahangaika na grafiti kwenye mishipa ya mbwa, wakakutana. Vali ya majani mawili ya St. Jude ya mwaka 1977 imejengwa kwa hiyo kaboni. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haichakai. Na bado mwenye nayo anameza warfarini. Kwa hiyo kemia nzuri kabisa mnayoisifu, na dawa imebaki palepale. Bint Salim kaleta kemia ya kawaida, na watu wanaishi vilevile. Mnaona ninakoelekea?

#23 Daktari Mchwa
Tunaona. Unaelekea kwenye pampu, kama siku zote.

#24 Ngosha wa Ukweli
Hiyo warfarini yenyewe ni sumu ya panya. Nimeona kwenye duka la pembejeo kwa macho yangu. Wanawauzia ndugu zenu.

#25 mama_Tumsifu
Ngosha, hiyo sumu ya panya imenipa miaka ya kuwaona wanangu wakimaliza shule. Endelea.

#26 FundiVifaaTiba
Ni kweli ilianzia huko, na si siri. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Dakota ya Kaskazini na Kanada walikuwa wanavuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya malisho yaliyovunda. Mwaka 1933 mkulima wa Wisconsin aliendesha gari kwenye theluji na ndama aliyekufa na debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akaufikisha mzigo huo maabara ya Karl Link pale Madison. Link na vijana wake wakaisaka kemikali kwa miaka, ndugu wa kemikali hiyo, ndiyo warfarini, akawa sumu ya panya 1948, kisha dawa ya watu. Rais Eisenhower alipewa baada ya shambulio la moyo 1955. Ngosha ukimwona Eisenhower mwambie.

#27 Kipanga Mweusi
Kuna vidonge vipya havihitaji INR. Mbona dada yangu hapewi?

#28 Daktari Mchwa
Vimejaribiwa. Dabigatrani kwa watu wenye vali za chuma, matokeo yakachapishwa 2013: jaribio lilisimamishwa, walioitumia waliganda zaidi na walivuja zaidi. Apiksabani kwenye vali ya On-X nalo likasimamishwa 2022. Mwenye vali ya chuma abaki na warfarini. Mtu wa duka la dawa akikubadilishia, kataa.

Na hapa Chuma usifurahie sana, wala Fundi. Moja ya maelezo ni kwamba chuma kinaamsha njia ya kuganda kwa nguvu sehemu nyingi kwa pamoja, na vidonge vipya vinaziba sehemu moja tu, wakati warfarini inapunguza kadhaa. Hilo linaipa nguvu kemia ya uso. Lakini wapo wanaosema pete ya kushonea ndiyo chanzo kwenye wiki za mwanzo. Hilo linaipa nguvu kovu na uponaji.

#29 Kisiki
Habari. Samahani nachepuka. Mjomba wangu anasafishwa damu, mkononi wamemuunganishia mshipa na mshipa, ukishika unavuma kama simu iliyo kimya. Ule haujawahi kuziba. Mwenzake aliyewekewa kibomba cha plastiki kimezibuliwa mara nyingi. Inahusiana na mada?

#30 Nuru wa Maabara
Kisiki hujachepuka, umerudi Seattle moja kwa moja.

Mashine ya figo ilikuwepo kabla, ila kila kipindi waliharibu mshipa wa kuingilia, kwa hiyo mtu hakuweza kusafishwa miezi na miezi. Machi 1960, hapohapo Chuo Kikuu cha Washington, Belding Scribner na fundi Wayne Quinton wakatengeneza kibomba cha Teflon chenye umbo la U kinachobaki mkononi. Mgonjwa wa kwanza, Clyde Shields, fundi mitambo, akaishi miaka 11 zaidi. Wagonjwa wakawa wengi kuliko mashine, ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani apewe nafasi. Kituo walichokuwa wakisafishiwa ndicho leo kinaitwa Northwest Kidney Centers, na pesa yake ndiyo iliyoanzisha kituo cha ubunifu wa dayalisisi (huko kusafisha damu) ambacho Ratner amekiongoza na daktari wa figo Jonathan Himmelfarb. Ratner alifika 1972 kwenye chuo chenye hiyo habari, akaishia nayo.

Na safari hii hatafuti uso unaoteleza. Yeye na wanafunzi wake waligundua kwamba kifaa kikiwa na vijitundu vya mviringo vya kama mikroni 40, vyote saizi moja, vimeunganika, mwili haukizungushii kovu gumu. Seli walinzi zinaingia ndani, mishipa midogo inaota. Kampuni ya Healionics inatumia wazo hilo kwenye bomba la dayalisisi. Kaka, ukiniuliza kama amefeli, nitakwambia alibadilisha swali.

#31 Daktari Mchwa
Na kumbuka kilichoiondoa Teflon ya Scribner. Mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao wakaunganisha ateri na vena ya mgonjwa mwenyewe, basi. Hakuna kifaa. Mjomba wa Kisiki anao huo. Hoja yangu ya ngozi hai inatembea yenyewe.

#32 FundiVifaaTiba
Daktari, Desemba 2024 Marekani wameidhinisha mshipa wa Humacyte kwa majeruhi. Unaoteshwa na seli za binadamu kisha seli zote zinaoshwa, unabaki utando wa protini. Unapowekwa hauna ngozi hai hata kidogo. Mbona haugandi papo hapo?

#33 Daktari Mchwa
Kwa sababu seli za mgonjwa zinahamia humo baadaye.

#34 FundiVifaaTiba
Baadaye. Na siku ya kwanza?

#35 Kiptoo wa Bomet
Siku ya kwanza mtoto alikuwa na koo linauma.

#36 Chuma cha Reli
Siku ya kwanza una milimita 6 na damu inakwenda kasi, ndiyo jibu. Nuru, mwanangu, vile vibomba vya nyani vilikuwa na kipenyo gani na damu ilipita kwa kasi gani? Niletee namba hizo kabla hujaniambia habari ya maji kwenye haidrojeli.